Maswali ya Sandukuni

Kila Ijumaa mwalimu wa ushauri nasaha hufungua sanduku la maswali. Wanafunzi wameambiwa wasiandike majina, waulize lolote linalowatatiza. Wasichoambiwa ni kwamba swali likinukia mapenzi, mwalimu hulilinganisha na madaftari mpaka aujue mwandiko, kisha mzazi huitwa. Kwa miaka sita hajakosea hata mara moja, na walimu wenzake wamembandika jina la Mpelelezi. Jina lenyewe analipenda, tusifichane.

Ijumaa hii mkuu wa shule alilifungua sanduku kabla yake. Alimtupia kikaratasi mezani, akamtaka amtafute aliyekiandika kabla ya kengele ya kutoka. Mwalimu akasoma: "Nikimpenda mtu moyoni tu, bila kumwambia, nimekosa?"

Madaftari hakuyagusa. Ile k yenye mkia mrefu aliifundisha yeye, kwenye meza ya jikoni, akiushika mkono wa binti yake. Sasa binti yuko kidato cha pili, darasa la tatu kutoka ofisini hapo.

Alitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Ilikuja aibu, halafu woga, halafu kitu kingine asichokijua jina. Ni nani huyo anayependwa? Na kwa nini mtoto anayelala na mama yake chumba kimoja tangu azaliwe ameona heri aliulize sanduku? Akajaribu kulijibu swali lenyewe, kama mtu mwenye akili zake. Umekosa. Hapana, hujakosa. Hujakosa, ila... Kila alipofika kwenye "ila" alikwama. Maskini, miaka yote hiyo alikuwa akiwatafuta waulizaji. Jibu hakuwahi kulitafuta.

Angeweza kukichana kikaratasi. Angeweza pia kumtaja mtoto wa mwenzake, na wazo hilo, Mungu amsamehe, lilikaa kichwani mwake dakika nzima.

Kengele ikalia. Mkuu akaingia, akauliza kama mzazi ameitwa.

"Ameshafika," mwalimu alisema.

Mkuu akageuka kutazama mlangoni, asione mtu. Akamtazama mwalimu, akakitazama kikaratasi, uso ukambadilika. Akavuta kiti akakaa, kisha akauliza kwa sauti ya chini mzazi huyo anasemaje.

"Hajui amjibu nini mtoto wake, mkuu. Na yeye alisoma hapa hapa, wala hakufundishwa jibu."