Watoto Wote Hutoka Nje

Asteria alimvalisha binti yake soksi za tatu, za sufi, juu ya zile mbili za pamba, kisha akajaribu kuusukuma mguu ndani ya kiatu. Kiatu kilikataa. Alilegeza kamba, akasukuma tena. Alliance, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni na kichwa chake kimeegemea ukuta, akavuta pumzi kwa meno.

"Panauma?"

"Mamma, det räcker." Inatosha, mama. Asteria alimsemesha Kiswahili, mtoto akajibu Kiswidi. Ndivyo mazungumzo yalivyokwenda nyumbani kwao tangu aanze shule.

"Haitoshi. Baridi ya leo inaua."

Kipimajoto cha dirishani kilisoma kumi na nne chini ya sifuri. Huko chini, theluji ya mtaa wao wa Akalla ilikuwa imeganda ikawa barafu ya kijivu, na watu waliokuwa wakienda stesheni walitembea kama wazee, wakiburura nyayo wasianguke. Asteria akaongeza sweta, suruali ya theluji, skafu, kofia, glavu. Alipomaliza, mtoto wa miaka tisa alifanana na bunda la mitumba. Bado hakuridhika. Baridi ikimwingia Alliance vidoleni, damu yake, ambayo chembe zake hujikunja kama mundu, ingekwama mishipani, na popote ilipokwama pangewaka moto. Hospitalini walisema sickelcell. Katika kambi ya Kigoma, alikokulia Asteria baada ya wazazi wake kuikimbia Burundi, waliuita selimundu, na ndio uliomzikisha mtoto wake wa kwanza.

"Wakikuambia toka nje, utasemaje?"

Alliance akainua mabega. "Alla måste gå ut, mamma." Wote lazima watoke.

Hiyo ilikuwa kanuni, na Asteria aliijua vizuri. Aliisikia mwezi wa kumi, siku aliyoomba ruhusa kazini na kwenda kuonana na mkuu wa shule, mwanamke mwembamba aliyetaka aitwe Malin tu, bila cheo. Mezani palikuwa na simu, na ndani ya simu mkalimani, sauti ya mwanamume wa Tanzania ambaye kila sentensi aliitoa kwa utulivu wa mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Karatasi ya daktari tumeipokea," Malin alisema kupitia sauti ile. "Imeandikwa kwamba mtoto aepuke baridi. Baridi ni kitu gani? Digrii ngapi? Hapa ni Sweden, Asteria. Baridi ipo miezi sita."

"Abaki ndani wakati wa mapumziko. Wakati wa baridi kali tu."

"Mtoto hawezi kubaki ndani bila mtu mzima. Ni suala la usalama. Milango hufungwa, watu wazima wote wako nje na watoto."

"Basi mtu mzima mmoja abaki naye."

"Ratiba haina nafasi hiyo."

"Abaki na wapishi. Akae tu kwenye kona."

"Jikoni kuna visu na mafuta ya moto." Malin akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemfariji aliyefiwa. "Nataka uelewe kwamba shule yetu haibagui. Hatumtengi mtoto yeyote na wenzake. Watoto wote hutoka nje, watoto wote hupata hewa safi. Na sisi tuna msemo: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu."

Mkalimani akaufasiri msemo.

"Huyu mtoto anaweza kufa," Asteria alisema.

Upande wa pili wa meza, Malin aliacha kutabasamu. "Mwambie atumie lugha ya heshima," alimwambia mkalimani. "Hatupendi vitisho hapa."

Asteria alirudi kazini siku hiyo hiyo. Tangu hapo ulinzi wake wote ulikuwa soksi.

Asubuhi ile ya Januari alimfikisha mtoto kwenye geti la shule, akamtazama akiingia, kisha akapanda treni ya kwenda Märsta na basi la kwenda uwanja wa ndege wa Arlanda. Alikuwa msafishaji wa vyoo vya abiria wanaoondoka. Simu ilitetemeka mfukoni mwake wakati anabadilisha mfuko wa taka. Namba ya shule.

"Alliance amelala chini kwenye theluji," alisema mwanamke kwa Kiswidi cha pole pole, kile wanachotumia kwa wageni. "Anakataa kusimama. Tumezungumza naye mara nyingi. Lazima uje umchukue."

"Hakatai. Anaumwa! Ita ambulensi."

"Utaratibu wetu ni kumpigia mzazi kwanza."

"Mimi niko Arlanda! Ita ambulensi!"

"Usinipigie kelele, tafadhali," mwanamke alisema.

Simu ikakatika. Asteria aliacha toroli la usafi katikati ya choo, bila kumuaga mtu yeyote. Akiwa njiani kuelekea kituo cha basi alipiga namba ya dharura, akapokewa na mtu aliyetaka kujua kama alikuwa pamoja na mgonjwa, na kama mgonjwa anapumua. Hakujua. Alijua jina la shule, akalisema, akalirudia, akalitaja herufi kwa herufi. Basi likaja. Treni ikachelewa kwa sababu ya reli kuganda.

Alipofika, ambulensi ilikuwa imesimama nje ya geti na injini yake inanguruma. Wahudumu walikuwa hawajapata mtu wa kuwafungulia. Ni Asteria aliyeupiga mlango wa kioo kwa ngumi zote mbili hadi mwalimu mmoja akaja mbio na kadi yake.

Alliance alikuwa juu ya benchi, kwenye korido ya kuvulia viatu, amefunikwa koti la mtu. Mikono yake ilikuwa mitupu, imevimba na kung'aa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Hakulia. Alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo, kwa Kiswidi, namba zisizofuatana.

"Mmemfanya nini?" Asteria alipaza sauti. "Mmemfanya nini mtoto wangu?"

Madirishani mwa darasa la jirani vichwa vya watoto vikajipanga. Malin alitoka ofisini, akafunga kwanza mlango wa darasa lile, ndipo akamgeukia. "Unawaogopesha watoto wengine," alisema.

*

Usiku huo ugonjwa ulimshika mapafu. Madaktari wakampa oksijeni, morfini, damu ya mtu mwingine. Kwa siku kadhaa Asteria alilala kwenye kiti cha plastiki, na kila mashine ilipolia aliinuka kabla ya nesi. Mtoto akapona kwa kurudi nyuma na kusonga mbele, kama mtu anayepanda mlima wa utelezi.

Wa kwanza kuja kumtazama alikuwa Wanjira. Alikuwa Mkenya, mwenzake katika kwaya ya ibada ya Kiswahili kule Rinkeby, mwanamke mnene mwenye sauti ya pili nzuri kuliko wote. Alikuja na chupa ya chai ya maziwa na uso ambao Asteria hakuuelewa mwanzoni. Kisha akakumbuka: tangu Krismasi Wanjira alikuwa amepata kibarua cha kulipwa kwa saa shuleni kwa Alliance. Alivaa kizibao cha njano na kuwalinda watoto uwanjani.

"Mama Alliance," alianza, na hakuketi. "Nataka uisikie kutoka kwangu."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sema."

"Glavu zake zililowa mapumziko ya asubuhi. Tukaziweka kwenye kabati la kukaushia, ndio kawaida. Saa ya mapumziko ya pili zilikuwa bado. Nikamwambia mwalimu, huyu hana glavu. Akasema, aweke mikono mfukoni, tumechelewa kufunga." Wanjira aliongea akiangalia chupa ya chai. "Halafu mtoto akanifuata. Akaniambia, 'Tanti Wanjira, miguu inaniuma, naomba unifungulie.'"

"Alliance haongei Kiswahili," Asteria alisema. "Anakisikia tu."

"Siku hiyo aliongea."

Kitandani mtoto alikuwa na kinyago cha oksijeni usoni, amelala au amefumba macho.

"Kadi ya mlango ulikuwa nayo?"

Wanjira akapeleka mkono shingoni.

"Wanjira. Kadi ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa shingoni. Lakini ukimwingiza mtoto ndani peke yake na kitu kimpate, ni wewe. Na ukiingia naye, unaacha wengine nje na mtu mmoja, pia ni wewe. Yule msichana wa Eritrea tuliyekuwa tukifanya naye kazi walimwondoa kwa hiyo tu, kwa kufungua mlango. Mimi sina mkataba, dada. Wanaamka asubuhi, wasiponipigia simu, basi, nimefutwa. Nilimwambia, cheza-cheza upate joto. Nilidhani... Nikamwambia arukeruke."

Asteria alichukua ile chupa ya chai na kumrudishia mikononi. Alifanya hivyo taratibu, akamkunjia vidole kuzunguka chupa, kimoja kimoja, kama anavyomkunjia mtoto.

"Nenda kafuate utaratibu," alisema.

Waliofuata walikuwa wanawake wawili wa ustawi wa jamii. Walivua viatu mlangoni mwa chumba cha hospitali ingawa hakuna aliyewaomba. Mkalimani alikuwa tena ndani ya simu, safari hii mwanamke.

"Hatukuja kukulaumu," alisema yule mkubwa. "Shule imetuma taarifa ya wasiwasi. Wakiwa na wasiwasi juu ya mtoto, sheria inawalazimu."

"Wasiwasi juu ya shule?"

"Juu ya mazingira ya nyumbani."

Akasoma. Mtoto alikutwa nje bila glavu. Mzazi alipopigiwa simu alichukua muda mrefu kufika. Mzazi alipaza sauti, na watoto wengine wakapata hofu. Mzazi amewahi kutumia maneno ya kutisha katika kikao cha mwezi wa kumi.

Asteria alieleza glavu, kabati, reli iliyoganda. Alieleza kikao. Aliposema kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo wa kadi na mtoto wake aliomba kuingia, yule mdogo aliinua kalamu. "Nani alikuambia hayo?"

Asteria alifungua mdomo. Aliiona mawazoni ile mishipa iliyotuna mikononi mwa Wanjira kuzunguka chupa ya chai, akaichukia, akafumba mdomo. Halafu akaufungua tena na kumtaja kwa jina lake lote.

"Tulishazungumza na wafanyakazi," mwanamke alisema. "Huyo ameandika kwamba mtoto hakuomba chochote."

Kitandani Alliance alikuwa amegeukia ukutani. Yeye hakuhitaji kumsubiri mkalimani. Kila neno lilimfikia kabla ya kumfikia mama yake.

"Kwa hiyo?" Asteria aliuliza.

"Uchunguzi utaendelea. Shule imeahidi ushirikiano. Kila Alliance atakapoumwa shuleni, watatujulisha."

"Na zikiwa nyingi, hizo taarifa?"

Wanawake wale wakatazamana. "Sisi tunaangalia kilicho bora kwa mtoto," alisema yule mkubwa, na mkalimani akalisema hilo kwa sauti nyororo sana. "Wakati mwingine mtoto mwenye ugonjwa mzito huhitaji familia nyingine kwa muda, ambayo ina nafasi zaidi."

*

Alliance alirudi shuleni mwezi wa tatu. Malin aliwapokea getini, akamwambia Asteria kwamba sasa wana mpango mzuri: mtoto akisikia maumivu, amwambie mtu mzima yeyote, na mtu mzima ataandika. Mapumziko yangebaki kama yalivyo. Wanjira hakuwa uwanjani. Wiki tatu nzima shule haikumpigia simu, na kanisani alikuwa ameacha kuja.

Alasiri ya Ijumaa, jua likiwa limetoka na upepo ukikata masikio, Asteria alifika kumchukua binti yake. Watoto walikuwa bado nje. Alliance alikuwa katikati yao akiruka kamba, uso juu, misuko miwili ya nywele ikimpiga mgongoni. Mwalimu wa zamu alimpungia Asteria mkono kutoka mbali, akaja akicheka.

"Unaona? Anakimbia kama wengine! Wiki nzima hajalalamika hata mara moja."

"Asante," Asteria alisema.

"Det går jättebra," mwalimu alisema. Mambo yanakwenda vizuri kabisa.

Alliance alichukua begi lake, akamuaga mwalimu kwa jina, akampungia. Wakatoka getini. Alitembea mbele ya mama yake, mgongo umenyooka, hatua za haraka, bila kugeuka. Walipita ukumbi wa mazoezi, wakapita egesho la baiskeli. Kwenye kona, penye nguzo ya taa, mtoto alisimama, akaishika nguzo kwa mikono miwili. Aliteremka polepole hadi chini kwenye mchanga wa barafu. Jasho lilikuwa limemtoka puani na kwenye paji la uso. Mdomo wa chini ulikuwa na alama za meno, na damu imegandia kwenye moja.

Asteria alipiga magoti, akamshika uso.

Swali lililomtoka halikuwa panauma wapi, wala tangu lini.

"Wamekuona?"

"Nej," Alliance alisema. Alikuwa akipumua kwa vipande. "Nej, mamma. Ingen såg." Hapana, mama, hakuna aliyeona.

Simu ilikuwa mkononi. Asteria hakujua ameitoa saa ngapi. Aliitazama, akamtazama mtoto, akageuka kutazama nyuma: kutoka pale kwenye kona bado yalionekana madirisha mawili ya ghorofa ya juu, taa zinawaka, na mtu anapita ndani na kikombe.

Akainuka, akasogea hatua moja kushoto, akafungua koti lake na kulitandaza kwa mikono yote miwili, akasimama kati ya binti yake na madirisha yale.