Mto Kichwani mwa Ambrosi

Rozalia alikuwa akimnyoa mumewe nywele nje ya nyumba yao Chimala aliposikia mto. Akainamisha sikio. Sauti ilitoka kichwani mwa Ambrosi, juu kidogo ya kovu.

"Ni Ruaha Mdogo," Ambrosi alisema. "Pale Kalenga, tulipokuwa tunaoga utotoni."

Kovu lilikuwa la rungu. Miezi michache nyuma alikwenda kuuliza kwa nini shamba kubwa la jirani limewafungia mfereji wakulima wadogo, na mlinzi akamjibu kwa rungu. Tangu hapo alianza kuburuza miguu kana kwamba imenata chini, akawa anasahau majina na kulowesha kitanda.

Dada yake Juliana alikuja kutoka Kalenga, akalaza sikio pale kichwani, akamsikia marehemu mama yao akifua huku akiimba.

"Wifi, mama hajambo," alimwambia Rozalia, akaingia jikoni kusonga ugali.

Huko Mbeya, Daktari Eveline alitazama picha za kichwa, kisha naye akasikiliza.

"Maji yamejaa ubongoni," alisema. "Yakikaa, mzee hatatembea tena."

Akawaeleza taratibu. Kuyatoa kwa sindano mgongoni kungempa nafuu ya muda tu. Wengine hutobolewa kitundu ndani ya ubongo maji yapate njia, lakini kwake kisingefaa. Uliobaki ni mrija, upite chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu, lakini wengi hupata nafuu.

Ambrosi aligusa kovu. "Sasa mama atakwenda wapi?"

"Atashuka na maji," daktari alisema.

Rozalia akamshika mkono. "Baba Joachim, mama alikulea, akamaliza. Sasa ni zamu yangu."

Akakubali. Baada ya upasuaji, maabara walisema maji ni safi, ila yana samaki mdogo.

Ambrosi alirudi Chimala akitembea vizuri. Majina yote yalimrudia, hata la yule mlinzi, akaenda kulitaja polisi. Walimpa kiti, wakamsikiliza, wakasema watamwita. Hawakumwita. Msimu ule mpunga wake ulikaukia shambani, na ng'ambo ya uzio wa jirani ulikuwa kijani kibichi.

Jioni moja Rozalia alilaza sikio tumboni kwa mumewe. Mto ulikuwa umejaa.

"Mama anasemaje?" Ambrosi aliuliza.

"Anasema mtoke majini, jua limezama."

Ambrosi alifumba macho, akatabasamu.

"Mwambie bado kidogo."