Nitaandika Niliyoyaona

Pale kwenye dirisha la dawa la hospitali walimwita Kimya, maana aliweza kumaliza zamu nzima bila kusema zaidi ya "kimoja asubuhi, kimoja jioni." Msichana huyu alikuwa msaidizi wa mfamasia kwa miaka mitano. Saa za alasiri, jua lilipopenya kwenye chupa za dawa ya kikohozi na kumwaga rangi ya asali ukutani, mikono yake ilihesabu vidonge huku mwenyewe akiwa mbali, darasani, akijifunza kwa nini dawa hii huponya na ile hulevya.

Mwaka ule alijaza fomu za chuo cha ufamasia. Ikabaki barua moja tu ya mapendekezo.

Mjomba wake, aliyemlea tangu utotoni, hakuona ugumu. Yeye na mkurugenzi wa hospitali walisoma pamoja, na jina kubwa, alisema, hufungua mlango kabla hujapiga hodi. Kimya akaenda. Zulia la ofisi ile lilikuwa zito hata hakusikia hatua zake, akawa kama anaelea. Mkurugenzi alimuulizia mjomba, akacheka kidogo, akamwambia aandike barua mwenyewe, ailete itiwe sahihi.

Jumamosi asubuhi alikaa jikoni na karatasi. "Namfahamu mwombaji huyu kwa karibu," aliandika. Akaongeza kwamba ni mchapakazi, kwamba ni kiongozi wa kuzaliwa. Kila sifa ilimsogeza msichana yule wa kwenye karatasi, yeye mwenyewe, mbali zaidi, kama mtu anayeingia kwenye ukungu, na kufikia mstari wa sita hakumtambua tena. Kujivika kilemba cha ukoka kwa mkono wako mwenyewe! Akaikunja karatasi.

Aliyemjua kweli alikuwa mmoja: mfamasia mkuu, mama mfupi waliyemwita Mzani kwa jinsi alivyopima maneno. Lakini Mzani ndiye aliyejua kosa lake. Miaka miwili nyuma Kimya alibandika karatasi ya maelekezo ya mgonjwa wa kisukari kwenye chupa ya mgonjwa wa presha, na alipogundua, mzee mwenye chupa alikuwa ameshaondoka. Mzani hakumfokea. Alimnyamazia wiki nzima, na hilo lilimuuma kuliko makelele.

Jumatatu alimwomba barua. Mzani aliendelea kupima unga mweupe hata mshale wa mizani ukatulia.

"Nitaandika niliyoyaona," alisema. "Yote."

"Hata lile, mama?"

"Hata lile. Ukitaka mazuri matupu, mwanangu, nenda kwa asiyekujua."

Kimya akakubali. Mjomba aliposikia alinuna siku mbili, kisha akasema Kimya ameacha mlango wazi akaenda kupanda ukuta.

Baada ya miezi miwili aliitwa kwenye usaili. Mapazia meupe yalijaa upepo na kunywea, kama chumba kinapumua. Mwalimu mzee kati ya watatu waliomhoji alivaa miwani, akasoma barua ya Mzani kwa sauti: "Alikosea mara moja. Nilijua kwa sababu alikuja kuniambia mwenyewe, vidole vyake vikiwa bado na gundi."

Akainua macho. "Kisha ikawaje?"

Kimya alisimulia. Jinsi alivyokimbia barabara nzima na koti lake la kazi, akamkuta yule mzee wa presha amekaa kwenye benchi, chupa iko mapajani, haijafunguliwa. Jinsi alivyomwambia kweli badala ya kutunga kisingizio, na mzee akamshika mkono, akamrudishia chupa. Alikuwa hajawahi kuzungumza kwa muda mrefu hivyo mbele ya watu. Maneno yalitoka taratibu, yakiwa mepesi, na hakuna aliyemkatiza.

Alipata nafasi. Mjomba aliisoma barua ya chuo amesimama, akairudia, akataka apelekwe kwa Mzani akamshukuru. Mzani alimpa mkono kupitia dirishani, akamsikiliza kwa adabu, kisha akamwomba asogee pembeni kidogo, maana nyuma yake kulikuwa na foleni.

Kimya akamwita mgonjwa aliyefuata.