Soksi Zilizojua Kwao

Saa moja kasorobo asubuhi Mama Sufu alikuwa ameshapandisha mlango wa chuma hadi nusu, amefagia, na amekaa kwenye kigoda akitenganisha mabonge ya buluu iliyokolea na ya buluu iliyopauka. Wateja walikuwa wameyachanganya jana, kisha wakaapa kwamba ni rangi moja. Duka lake la sufu lilikuwa jembamba kama behewa, limebanwa kati ya fundi funguo na duka la dawa, na nyuma yake kulikuwa na stoo yenye dirisha moja.

Mwezi huo alikuwa ameletewa gunia la sufu ya kahawia lisilo na lebo. Muuzaji wa jumla alisema hajui limetoka wapi, ila ni sufu safi, haiwashi. Mama Sufu akafuma jozi ya kwanza ya soksi, kisigino akakifuma maradufu kisitoboke upesi, akaitundika mlangoni. Ikanunuliwa na mke wa fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja: kutoka kazini hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi, naye aliutembea kwa saa nne. Siku ya kwanza kuvaa zile soksi alifika saa kumi na moja na robo, akavua viatu, akauliza kama kuna chai. Mkewe akamwuliza kulikoni. Akajibu kwamba alitaka kupitia kwa wenzake kama kawaida, lakini miguu ilikataa, naye hakuona sababu ya kugombana nayo mbele za watu.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya wanawake kufuma pamoja pale dukani. Alikuwepo mkunga, aliyefuma kofia za watoto ambao hawajazaliwa na hakuwahi kukosea kipimo, na mwalimu mstaafu, aliyekuwa na sweta moja tangu astaafu. Kila akifika kwapani hulifumua. Walizijadili soksi kama ambavyo wangejadili sabuni mpya. Ilionekana kwamba zina masharti yake. Tarishi hakuweza kuzivaa kazini, maana akigawa barua mbili tu huwa ameshafika kwake. Na bibi harusi mmoja, aliyeolewa wiki tatu zilizopita, alizivaa mara tatu, na mara zote tatu akajikuta kwa mama yake. Mama mkwe akaja dukani na malalamiko. Mkunga akamwambia awe na subira. Cheti cha ndoa hakiwezi kuifanya nyumba kuwa kwao mtu. Mwezi wa nne wa ndoa yule binti alizivaa tena, akajikuta jikoni kwa mama mkwe wake anaosha vyombo, na mama mkwe akaagiza jozi mbili.

Mlinzi wa ghala la saruji yeye alinunua soksi kwa ajili ya baridi tu. Alikuwa na miaka hamsini na ushei, mjane, amepanga chumba upande wa pili wa mji, na hakuwa na wa kumngoja wala wa kumgombeza. Kesho yake asubuhi, alipotoka zamu, aliinama chini ya mlango wa chuma, akapita katikati ya rafu, akazunguka kaunta, akaingia stoo, na kusimama akiuelekea ukuta kando ya magunia.

“Habari za asubuhi, mama.”

“Nzuri, baba.”

“Samahani. Ni miguu.”

“Naona,” Mama Sufu alisema.

Mlinzi akazivua soksi, akashukuru, akaenda zake. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu Mama Sufu aliona si haki mtu aliyesimama usiku kucha aje kusimama tena, akamwekea kiti. Siku ya nne, akiwa amekaa, mlinzi akasema, “Hapa palikuwa na kitanda cha mama. Sisi tulilala pale kwenye sufu ya buluu.”

Alisimulia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu. Alipeleka karatasi za kiwanja ofisi ya ardhi zigongwe muhuri, karani akamwambia aziache, arudi Jumatatu. Jumatatu zilikuwa nyingi. Mwishoni akaambiwa faili limepotea, kisha akatokea mmiliki mpya, naye ni karani yuleyule. Mlinzi alikuwa na miaka saba, dada yake minne. Walitoka na sufuria mbili na godoro.

Mama Sufu hakuuliza jina la karani. Picha yake ilikuwa juu ya kaunta, na alikuwa akiipangusa vumbi kwa miaka thelathini. Karani huyo alikuwa baba mkwe wake, na tangu alipoolewa aliambiwa kwamba mzee alikipata kiwanja kile kwa jasho. Akapanda kwenye kigoda aishushe.

“Iache,” mlinzi akasema. “Na yeye alinde kidogo.”

Mume wa Mama Sufu alipofariki, hati ilibaki kwa mdogo wa marehemu. Mama Sufu akamwita, naye akaja Jumatano, akaegemea kaunta na kusikiliza mpaka mwisho. Habari za soksi hakuzibisha. Fundi cherehani alikuwa jirani yake.

“Asiyekuwepo na lake halipo,” akasema.

“Sasa yupo,” alisema mwalimu mstaafu, bila kuinua macho kutoka kwenye kwapa la sweta.

“Shemeji, soksi si hati.”

“Sijasema ni hati,” Mama Sufu akajibu. “Nimesema hapa ni kwao.”

“Basi mpe chai. Hati iko kabatini, na itakaa kabatini.”

Mama Sufu hakuwa na wakili, alikuwa na sindano. Akamfumia shemeji yake jozi, namba arobaini na tatu, maana kila mara alilalamika miguu inampata baridi, naye hakuwa mtu wa kukataa cha bure. Akazivaa Jumamosi. Fundi funguo alimwona akipita mbele ya duka bila kugeuka. Watu wakamwona uwanja wa mpira, kisha kituo cha mabasi, kisha mbele ya geti lake mwenyewe, ambalo alilipita huku mkewe akimwita. Kila penye njia panda alisimama, mguu mmoja ukingojea mwingine useme. Alasiri alikaa juu ya jiwe, akazivua, akarudi kwake kwa teksi. Akaziweka kabatini juu ya hati na hakumsimulia mtu. Aliyesimulia ni mkewe.

Jumapili Mama Sufu naye akafikia uamuzi. Kwa miezi yote ile hakuwa amezivaa, kwa kuogopa zisije zikampeleka kwa wazazi wake, ambako sasa wanaishi watu wengine, au zikamzungusha kama shemeji yake. Akazivaa akiwa sebuleni, akachukua na funguo kwa tahadhari. Miguu ikatoka nje, ikapita mitaa mitatu, ikasubiri afungue, ikampeleka moja kwa moja hadi stoo, ikatulia kando ya kile kiti. Ilimjia furaha, na nyuma yake aibu, na vyote viwili vikakaa ndani yake kwa adabu kama wakwe.

Jumatatu akamweleza mlinzi. Mlinzi akakisogeza kiti chake kidogo ili apate nafasi.

Tangu hapo mambo yakajipanga. Mama Sufu alinunua kitanda cha kukunja, na mlinzi akawa analala stoo hadi saa nne. Mteja akitaka rangi iliyoko nyuma, alihudumiwa kwa kunong'onezwa. Akiamka, mlinzi aliviringisha mabonge, na kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amejifunza kugeuza kisigino cha soksi vizuri kuliko mwalimu, jambo ambalo mwalimu alilikubali kwa shida. Jozi moja wakampelekea dada yake kwa posta. Alikuwa mpishi katika shule ya bweni, mbali. Alifika Ijumaa moja na begi lake la likizo, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, akapita moja kwa moja hadi kwenye sufu ya buluu, akakaa.

“Mlango ulikuwa upande ule,” akasema. Baada ya chai akauliza ndoo iko wapi.

Shemeji alikuja siku hiyohiyo kukagua jengo, kama alivyofanya kila mwisho wa mwezi. Akakuta sakafu inang'aa kwa maji na mama asiyemjua ameshika tambara.

“Vua viatu, baba,” yule mama akamwambia. “Tumepiga deki.”

Shemeji akamtazama Mama Sufu. Mama Sufu alikuwa anahesabu vitanzi kwenye sindano, na akihesabu huwa hajibu. Basi akainama, akafungua kamba, akasimama kizingitini ameshika viatu mkononi, miguuni ana soksi nyembamba za kiwandani.

“Hodi,” akasema.

“Karibu,” mlinzi akaitikia kutoka stoo.

Alikaa robo saa, akanywa chai, akawakumbusha kwamba jengo ni lake, na wote wakakiri kwamba ndivyo hati inavyosema. Kisha akavaa viatu vyake akaenda, na mlinzi akarudi kulala.