Mshale Kutoka Mikocheni

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa ujuaji. Nalisema mapema ili nisije nikatafuta wa kumsingizia.

Raudha alimleta baba yake saa tatu asubuhi kwenye steshenari ninayofanyia kazi hapa Keko. Mzee Sadallah alikuwa fundi seremala kwa miaka arobaini. Siku hizi kumbukumbu inamtoroka. Asubuhi chache anakuwa mzima kabisa, lakini ikifika mchana hata nyumba yake haijui. Raudha alitaka maisha ya baba yake yaandikwe angali anayakumbuka. Mzee azungumze, mimi nichape.

Akazungumza, tena kwa raha. Alisimulia alivyomtengenezea Mwanakombo, marehemu mkewe, kitanda cha mninga hata kabla hajathubutu kumposa, akimkadiria urefu kwa macho kila alipopita barabarani. Nilichapa kurasa sita bila kusimama na bila kuhifadhi. Kompyuta ingeweza kujihifadhia yenyewe, ila huduma hiyo nilikuwa nimeizima kwa sababu iliifanya igande. Nilijiona mjanja.

Shida ikawa mausi, mshale unakwamakwama. Mzee alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, Raudha akimsindikiza, nikaona nisasishe draiva za USB, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na vitu vinavyochomekwa. Mtu mwenye akili angeweka mpya juu ya zile za zamani. Mimi nikazifuta kwanza za zamani, eti nianze upya. Taa nyekundu ya mausi ikazimika. Nikagonga kibodi, kimya.

Kwenye kioo kisanduku kiliniuliza kama niiwashe upya mashine, nami sikuwa na cha kujibia. Nyuma yake ulionekana ukurasa wa sita. Ningezima na kuwasha, huenda draiva zingerudi, lakini maneno ya mzee yangepotea. Nikaupiga picha ukurasa ule kwa simu. Zile tano za juu sikuwa na namna ya kuzifikia.

Wakarudi. Mzee akasimama mlangoni akinitazama.

"Huyu binti ni nani?" akamuuliza mwanawe.

Nilimweleza Raudha nilichofanya. Hakupiga kelele, heri angepiga.

"Dada Genoveva," akasema, "asubuhi kama ya leo sijaiona tangu Ramadhani."

Ilibaki njia moja, nami nilikuwa naichukia. Bosi wangu, Audax, anakaa Mikocheni, na aliweka kwenye kompyuta ile programu ya kuiona na kuiendesha kwa simu yake. Nilishawaambia wateja kwamba ananipeleleza, na wiki ileile nilipanga kuifuta. Intaneti yetu inaingia kwa waya wake wenyewe, si kwa USB, kwa hiyo ilikuwa hai. Nikampigia.

"Bosi, nimeharibu."

"Umeharibu nini, Geno?"

Nikamwambia yote, hadi ya ujuaji wangu.

"Usiguse kitu," akasema.

Mshale ukaanza kutembea wenyewe. Ukakikatalia kile kisanduku, ukapanda juu, ukahifadhi, halafu ukahifadhi tena. Kisha ukaiagiza kompyuta itafute upya vifaa vyake, na taa ya mausi ikawaka. Nililia mbele za watu, na sikuona aibu.

"Siku nyingine hifadhi kwanza," Audax akasema. "Na usitoe cha zamani kabla kipya hakijakaa."

"Sawa, bosi." Kwa mara ya kwanza nilimjibu bila kununa.

Nilipochapisha kurasa zote, Raudha aliniomba nimsomee baba yake. Mzee alisikiliza huku vidole vyake vikipapasa ukingo wa meza yangu, akikagua kazi ya fundi mwenzake. Nilipofika pale pa kitanda, akacheka.

"Huyo bwana alimpenda huyo binti," akasema.

"Sana, Baba," Raudha akajibu.

"Akampata?"

Raudha akamshika mkono.

"Alimpata, Baba. Wakanizaa mie."

Mzee akamtazama, akatabasamu kama aliyepewa habari njema za mtu asiyemjua.

"Basi vizuri," akasema, akanigeukia. "Binti, hebu soma tena hapo pa kitanda."