Shahidi wa Akber

Akber alifungua duka Handeni mwaka 1937, miezi minne tu baada ya kushuka melini kutoka Bara Hindi. Alikuwa na rafu tatu na mizani mpya. Rafu zilikuwa tupu. Kabla ya kumkopesha, benki ya Tanga ilimtaka alete mtu anayemjua, na nchi nzima hakuna aliyemjua.

Mimi sikumwamini. Lakini nilimpa magunia matano ya mahindi bila kulipwa, kwa sababu wanunuzi wengine walikwisha kuondoka kijijini kwetu Mazingara na mvua ilikuwa inakuja. Alisema atayapeleka Korogwe kwa Fidahussein, mfanyabiashara mkubwa, ili naye apewe nguo kwa mali kauli: achukue sasa, alipe akishauza. Akirudi angenilipa shilingi thelathini. Fidahussein alikuwa ametaka kitu kimoja zaidi, shahidi wa Handeni aseme kama mizani ya mgeni huyu ni ya haki.

Nikasema shahidi nitakuwa mimi. Si kwa wema. Nilitaka kuona magunia yangu yanakokwenda. Njia nzima niliyakalia nyuma ya lori, na kila liliposimama niliyahesabu. Akber alikaa mbele na dereva, akigeuka kunitazama. Nadhani naye alikuwa anahesabu.

Huko Korogwe, mpimaji wa Fidahussein alikuwa Rehani, Mnyamwezi tuliyejuana zamani. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara. Tukikutana tunatukanana kwanza, salamu baadaye, na anayekasirika ndiye mjinga.

“Mzee Fidahussein,” Rehani akasema, “huyu mwizi ameletwa na nani? Babu yake aliiba sanda ya babu yangu.”

“Babu yako alizikwa na gunia mgongoni,” nikamjibu. “Mnyamwezi hata kaburini lazima abebe mzigo.”

“Na leo umekuja kutoa ushahidi? Wewe Mhina, uliyemuuza mama mkwe wako kwa kibaba cha mtama?”

Fidahussein alizaliwa hapohapo Korogwe. Hakuinua hata macho kwenye daftari lake. Lakini Akber uso ulimbadilika, akanitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kapu lake mwenyewe. Fidahussein akamwuliza kama mimi ndiye shahidi.

“Hapana,” Akber akasema. “Huyu simjui. Amepanda lori njiani tu.”

Rehani akaiacha mizani, akanigeukia.

Nilizifikiria shilingi zangu thelathini.

“Kama mimi hunijui,” nikamwambia Akber, “basi na magunia yangu huyajui.”

Nilikuwa nimeyashona midomo kwa uzi wa katani uliotiwa rangi nyekundu, kwa kuwa nilitarajia hila tangu mwanzo. Nikatoa mfukoni kipande cha uzi uleule. Fidahussein akakilinganisha na mishono, akamwambia Rehani apime, akanilipa mimi mkononi mbele ya Akber. Kisha akafunga daftari.

“Mtu huyu alikuamini kwa magunia matano bila karatasi, nawe umemkana kwa sababu ya utani. Mimi nikikuamini kwa majora kumi ya nguo, utanikana kwa sababu gani?”

Akber hakuelewa. Rehani ndiye aliyemweleza utani ni nini, akizungumza polepole, bila mzaha. Akber akaketi kwenye rundo la magunia matupu na kutazama miguu yake.

Fidahussein akaniuliza mizani ya Akber ikoje. Pesa yangu nilikuwa nayo tayari, ningeweza kusema lolote. Lakini mizani ile nilikuwa nimeijaribu mara tatu kwa jiwe langu mwenyewe ambalo uzito wake naujua.

“Mizani yake haina neno,” nikasema. “Mwenyewe ndiye sina hakika naye.”

Fidahussein akampa majora mawili, si kumi.

Tuliporudi, Akber alipanda nyuma pamoja nami, majora mapajani. Tulikuwa tumekwenda mwendo mrefu aliponiuliza, kwa sauti ndogo, kama yale ya mama mkwe wangu yalikuwa kweli.

“Uongo,” nikasema. “Kilikuwa kibaba cha mahindi.”

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nikazihamisha shilingi zangu, nikazitia mfuko wa upande wa pili, mbali naye.