Pareto Haistawi Mwanza

"Jua ni lilelile, Mama Koku," Mutayoba alisema kwa mara ya nne asubuhi ile. "Tazama ramani. Tunasogea kusini kidogo tu, hatuhamii Ulaya."

"Ramani nafundisha mimi," Kemilembe akamjibu. "Usinisomee."

Waligombana kwa sauti ya chini kwa sababu nyumba haikuwa yao tena. Barazani, juu ya magodoro yaliyofungwa kamba, walikaa Ndugu Shimba na mkewe Ng'washi, waliopewa nyumba ile ya idara ya kilimo pale Isamilo, Mwanza. Wote wawili walijifanya kutazama ziwa. Nje lori la kumpeleka Mutayoba na familia yake stesheni lilikuwa limeshapakiwa. Barua ya serikali ilimtaka bwana shamba Mutayoba aripoti Makete, kwenye milima ya kusini, kabla ya mwisho wa Juni, na mwaka ule wa sabini na tano aliyekataa kituo aliitwa mpinga maendeleo, jina lisilotoka hata kwa sabuni. Nafasi ya Kemilembe shuleni nayo ilikuwa imeshapata mwalimu mwingine. Nyuma hapakuwa na pa kurudi, na mbele ndiko alikokuogopa.

Alimwogopea Kokushubira, binti yao wa miaka sita, aliyekuwa ameketi ndani ya lori karibu na dereva akichezea kamba ya dirisha. Mtoto yule alizaliwa na ugonjwa wa damu. Daktari aliwaeleza kuwa chembe za damu yake hujikunja kama mundu, na baridi ikimpata hukwama kwenye mishipa. Mwaka uliopita walikwenda harusini Karagwe, kule milimani. Usiku mmoja tu wa baridi, mikono ikavimba, mtoto akalia siku tatu mpaka sauti ikakauka.

Mutayoba alikuwa na barua ya Kahigwa, bwana shamba mwenzake aliyetangulia Makete. Akaifungua tena, akaeleza kwamba Kahigwa saa sita mchana anafanya kazi na shati tu, jua likimchoma shingo.

Kahigwa hakudanganya, na hilo ndilo lililomuudhi Kemilembe. Akamweleza mumewe kama alivyowaeleza wanafunzi wasiotaka kusikia: jua hupasha ardhi, na ardhi ndiyo hupasha hewa iliyo juu yake. Kule juu hewa ni nyepesi mithili ya blanketi lililochakaa, na jua likishazama joto lote linatoroka. Ukipanda mita elfu unapoteza nyuzi kama sita, na Makete iliizidi Mwanza kwa zaidi ya elfu hiyo. Isitoshe, hapa walikuwa na ziwa, linaloota jua kutwa na kulirudisha polepole usiku. Kule mtoto angelindwa na nini?

Mume akataja sweta, akataja mablanketi, akataja jiko la mkaa chumbani.

"Ufunge chumba na mkaa ndani, utuzike sote?" Kemilembe akauliza. Kisha akabadili swali. "Unakwenda kusimamia zao gani?"

"Unalijua. Pareto."

"Mbona hawakupi pareto hapahapa, ukaipande Mkolani?"

Mutayoba akaikunja barua ya Kahigwa.

"Sema, bwana shamba. Umeisomea."

"Haitoi maua kwenye joto," akasema mwishowe, macho chini. "Inataka usiku wa baridi."

"Na Juni?"

"Juni kuna asubuhi umande unaganda." Akaongeza harakaharaka kwamba si kila siku.

Kumbe alijua. Kemilembe hakuona raha yoyote ya ushindi. Mumewe alimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, wangekula nini kama angekataa, na mtoto angetibiwa wapi baba akifukuzwa kazi. Hapo alisema kweli. Kemilembe alisimama katika chumba kitupu, akaisoma tena ile barua ya serikali. Ilikuwa na jina moja tu.

"Amri ni yako," akasema. "Wewe nenda."

Akatoka barazani. Ng'washi akainuka upesi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kwenye kile chumba cha uani mtaweka nini?"

Ng'washi akamtazama mumewe. "Tulifikiria kuku."

"Nakiomba. Nikae humo na mtoto. Kesho naenda ofisi ya elimu, wanatafuta walimu wa kufundisha watu wazima kila kona."

Shimba akakohoa, akaanza kusema kuhusu taratibu za nyumba za idara, na idara ingesemaje.

"Idara haitalala humo," Ng'washi akamkata. Akamgeukia Kemilembe. "Na kuku wenyewe hatujawanunua, mwalimu. Fagia tu, kuna buibui."

Kemilembe hakungoja wabadili mawazo. Akaenda kwenye lori, akamshusha Kokushubira, akamwambia dereva afungue kamba. Akaanza na kitanda cha mtoto. Mutayoba alisimama akimtazama akihangaika nacho, kisha akapanda mwenyewe juu ya lori, akawa anampa: godoro, chandarua, sufuria mbili, sanduku la vitabu. Alipomaliza, akashuka, akamshika bintiye kichwani, kiganja kikakaa pale kwa muda, halafu akaingia mbele na kukaa karibu na dereva.

Dereva akauliza kama kuna kingine cha kushusha. Kemilembe akalifunga lori nyuma, akasukuma komeo mpaka mwisho, akagonga bodi mara mbili kwa kiganja, na lori likaondoka.